Namba Husema, Maneno Huficha: Lugha ya Daftari la Satelaiti za Kijeshi

Utangulizi

Yapo maandiko ambayo mhakiki wa lugha huyapita bila kuyatazama, kwa kuwa yaonekana hayana lugha ya kuhakikiwa: orodha za bei, ratiba za meli, madaftari ya serikali. Katika makala haya twakusudia kulihakiki daftari moja la aina hiyo. Ni daftari la Umoja wa Mataifa ambamo mataifa huandikisha vyombo wanavyovirusha kuizunguka dunia, zikiwamo satelaiti za kijeshi ambazo wenyewe wangependelea zisijulikane.

Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kila mstari wa daftari hili una sehemu ya namba na sehemu ya maneno, na mara nyingi sehemu hizo mbili hazisemi jambo moja. Pili, maandiko ya fani hii yanakuja mikononi mwa wafasiri wetu. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika mwaka 2019, na kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Umoja huo umezindua Shirika la Anga la Afrika mjini Cairo mwaka 2025. Kenya nayo imekwisha kuwa na satelaiti yake, Taifa-1, iliyorushwa kutoka Marekani mwezi Aprili 2023. Ni dhahiri kwamba mikataba, matangazo na taarifa za anga zitahitaji Kiswahili sahihi, na zitakihitaji upesi.

Hoja yetu ni hii: namba za daftari husema kweli kuliko maneno yake, na mfasiri hana ruhusa ya kuvuruga namba wala ya kuyasafisha maneno. Akitumia istilahi legelege, atawasaidia wanaoficha bila yeye mwenyewe kujua.

Daftari na asili yake

Satelaiti ya kwanza, Sputnik 1, ilirushwa na Urusi ya Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Miaka minne baadaye, tarehe 20 Desemba 1961, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1721, likiyaomba mataifa yanayorusha vyombo angani yapeleke habari zake ili ziandikwe. Ombi hilo baadaye likawa sheria. Mkataba wa kuandikisha vyombo vinavyorushwa angani ulifunguliwa kutiwa saini Januari 1975, ukaanza kutumika tarehe 15 Septemba 1976.

Kifungu cha nne cha mkataba huo hudai mambo matano: jina la nchi iliyorusha, namba au alama ya kukitambulisha chombo, tarehe na mahali kiliporushwa, vipimo vya msingi vya obiti yake, na kazi yake kwa ujumla. Ikumbukwe kuwa kifungu hakisemi kwamba vyombo vya kijeshi vimesamehewa. Kila chombo chapaswa kuandikwa.

Lakini kifungu hichohicho chasema kuwa habari hizo zitolewe mapema iwezekanavyo. Kila mtumishi wa serikali aujua uzito wa maneno hayo: hayana tarehe. Mfasiri asiyafanye makali kwa kuandika "mara moja", wala asiyalegeze kwa kuandika "wakati wowote ufaao". Yaachwe kama yalivyo, ili msomaji auone mlango ulioachwa wazi na walioutunga mkataba. Mlango wa pili u katika neno "yaweza": nchi yaweza, ikipenda, kuongeza habari baadaye. Hailazimishwi. Satelaiti ikihamishwa kutoka obiti moja hadi nyingine, daftari laweza kubaki na vipimo vya siku ya kwanza.

Namba zisemavyo

Mtu aweza kuuliza: ikiwa satelaiti ni ya siri, kwa nini basi vipimo vya obiti yake viandikwe? Jibu ni kwamba obiti ni jambo gumu mno kulificha. Jua likichwa, sisi tulio ardhini tumo gizani, lakini satelaiti iliyo kilomita mia kadhaa juu yetu bado imo katika mwanga wa jua. Huonekana ikipita mfano wa nyota itembeayo. Mtu mwenye darubini ndogo, saa sahihi na ramani ya nyota aweza kuandika ilipita wapi na saa ngapi. Akifanya hivyo mara kadhaa, au wenzake wakifanya hivyo mahali pengine, kanuni alizozitoa Kepler katika karne ya 17 zatosha kuikadiria obiti na kujua itapita tena lini. Wasomaji wetu waujua ubishi wa mwandamo wa mwezi. Hakuna mkubwa awezaye kuuficha mwezi uliokwisha kuandama. Awezalo ni kuchelewa kuutangaza. Satelaiti nayo ni hivyo hivyo.

Mfano mashuhuri ni ule wa shule moja ya sekondari mjini Kettering, Uingereza, nao wafaa kusimuliwa kwa ajili ya walimu. Mwalimu wa fizikia wa shule hiyo, Geoffrey Perry, akishirikiana na mwalimu mwenzake wa kemia, Derek Slater, aliwafundisha wanafunzi kusikiliza ishara za redio za satelaiti za Kisovieti. Mwezi Machi 1966 ilirushwa satelaiti iliyoitwa Kosmos 112. Mwinamo wa obiti yake ulikuwa takriban digrii 72, mwinamo ambao haukulingana na zile zilizokuwa zikirushwa kutoka vituo vilivyojulikana. Oktoba mwaka huohuo ikarushwa Kosmos 129, yenye mwinamo wa takriban digrii 65. Walimu na wanafunzi walizirudisha nyuma njia za satelaiti hizo mbili juu ya ramani, wakaona zinakatana karibu na Plesetsk, kaskazini mwa Urusi. Hivyo wakatangaza hadharani kuwa huko kuna kituo kipya cha kurushia maroketi. Serikali ya Kisovieti haikukiri kuwapo kwa kituo hicho hadi mwaka 1983. Kwa miaka 17, basi, darasa moja la shule lilisema wazi jambo ambalo dola kubwa haikulisema.

Katika Uingereza hiyohiyo, katika taasisi ya serikali ya utafiti wa ndege iliyokuwa Farnborough, mwanasayansi Desmond King-Hele na wenzake walitunga majedwali ya satelaiti zote zilizorushwa tangu 1957, za kiraia na za kijeshi, kila moja pamoja na vipimo vya obiti yake. Majedwali hayo hayakutenga satelaiti za siri upande wake. Zote zilipangwa kwa tarehe, kama watu katika foleni.

Namba hizo zina lugha yake. Mwinamo ni pembe kati ya obiti na ikweta, nao huonyesha satelaiti yaweza kupita juu ya nchi zipi. Satelaiti yenye mwinamo wa digrii 3 haitapita kamwe juu ya Moscow wala Washington. Satelaiti iliyo chini, yenye mwinamo wa digrii 97 au 98, huweza kupangwa ipite juu ya kila mahali karibu saa ileile ya jua kila inapopita, nalo ni jambo lipendwalo na wapigao picha, kwa kuwa vivuli havibadiliki sana. Satelaiti yenye mwinamo wa takriban digrii 63 na mzunguko wa saa 12 hukaa muda mrefu juu ya nchi za kaskazini. Ajuaye kusoma namba hizi hahitaji sana kuambiwa kazi ya chombo. Aweza kuikisia vema.

Maneno yakwepavyo

Sasa tuitazame sehemu ya tano ya mstari, yaani ile ya kazi. Hapa ndipo mhakiki wa lugha apatapo kazi.

Kwa miaka mingi Urusi ya Kisovieti iliandika mbele ya satelaiti zake nyingi za jina la Kosmos maneno yaleyale: kwamba ni za uchunguzi wa tabaka za juu za hewa na anga za mbali. Zilizopiga picha, zilizosikiliza redio za wengine, zilizofuata meli baharini, zote ziliandikwa hivyo. Mfasiri wa Kiswahili anapolifikia neno hilo la kigeni ana maneno mawili mbele yake, "utafiti" na "uchunguzi". Wengi wangeandika "utafiti", kwa kuwa ni neno la heshima la vyuo vikuu. Kwa maoni yetu wangekosea. Neno la asili lina maana pana, nasi tunalo neno pana vilevile. "Uchunguzi" ni ndugu wa "kuchungua" na "kuchungulia". Daktari huchunguza, polisi huchunguza, na jirani mbea huchungulia. Katika neno hilo ukweli umebaki ukichungulia dirishani. Tukiandika "utafiti", tumelifunga dirisha ambalo mwenyewe aliyeandika hakulifunga.

Marekani nayo ina maneno yake. Mbele ya satelaiti nyingi za kijeshi daftari lasema kuwa chombo hushughulika na matumizi ya teknolojia ya anga kama vile ya hali ya hewa au mawasiliano. Ujanja wote wa sentensi hiyo u katika "kama vile". Haisemi kwamba chombo hupima hali ya hewa, wala kwamba hupeleka mawasiliano. Yatoa mifano miwili isiyo na lawama, kisha yanyamaza. Mfasiri mvivu atakata maneno na kuandika "satelaiti ya hali ya hewa na mawasiliano", na papo hapo maneno yaliyokwepa yatageuka kuwa uongo mtupu, nao ni uongo wa mfasiri. Neno dogo kama hilo ndilo libebalo sentensi nzima, na halifai kuachwa njiani.

Shirikisho la Urusi baadaye lilianza kuandika kuwa chombo kimekusudiwa kwa majukumu ya Wizara ya Ulinzi. Maneno haya ni mafupi, nayo yana unyofu zaidi: humtaja bwana, huficha kazi. Tukiyalinganisha maelezo hayo matatu, twaona daraja tatu za kuficha: la kwanza latoa kazi nyingine, la pili latoa mifano badala ya kazi, la tatu lamtoa mwenye kazi badala ya kazi. Tafsiri njema itaziacha daraja hizo tatu zionekane, isizilaze zote chini ya maneno "kwa matumizi mbalimbali".

Kuna jambo dogo la sarufi ambalo limebeba mzigo mkubwa. Mkataba hudai itajwe "kazi yake kwa ujumla". Si ajabu mtu kuandika "kazi ya jumla". Tofauti hapa si ya ladha. "Kazi yake kwa ujumla" maana yake ni kazi halisi ya chombo, itajwe kwa muhtasari. "Kazi ya jumla" maana yake ni kazi isiyo maalumu, kama kibarua afanyaye lolote. Kwa tafsiri ya kwanza nchi yalazimika kusema kweli kwa ufupi. Kwa tafsiri ya pili yaruhusiwa kutosema kitu. Mwanasheria wa nchi inayoficha angefurahi sana kuipata tafsiri hiyo ya pili.

Majina

Jina nalo ni sehemu ya maneno. Kosmos 1 ilirushwa Machi 1962, na tangu hapo jina hilo limekuwa kanzu moja ivaliwayo na kila mtu: satelaiti za sayansi, za kijeshi, hata zile zilizoharibika zikashindwa kutoka kwenye obiti ya dunia. Tangu mwaka 1984 Marekani imefuata njia hiyohiyo, ikizipa satelaiti zake za kijeshi jina "USA" pamoja na namba. Majina hayo yasitafsiriwe wala yasiongezewe maelezo ndani ya tafsiri ya daftari. Maelezo yana mahali pake, nalo ni tanbihi ya mfasiri yenye kuonyesha wazi kuwa ni yake.

Majina ya mahali nayo yahitaji hadhari. Kituo alikoondokea Yuri Gagarin mwaka 1961 kilitangazwa kuwa ni Baikonur, ilhali mji wa jina hilo ulikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka kituoni, palipoitwa Tyuratam. Hapo tena jina lilisema hivi na obiti zikasema vile. Ajabu ni kwamba mwaka 1995 mji uliojengwa kando ya kituo ulibadilishwa jina, ukaitwa Baikonur, na jina lililokuwa la kupoteza watu likawa la kweli.

Katika orodha hizo limo pia neno letu wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, satelaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei kutoka nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Namba yake ya utambulisho ni 1970-107A: mwaka, kisha urushaji wa 107 wa mwaka huo, kisha herufi ya chombo. Mwinamo wake ulikuwa takriban digrii 3, na umbali wake kutoka ardhini kilomita zipatazo 530 hadi 570. Kwa satelaiti hii jina, kazi na namba vilisema jambo moja, na lolote lililoandikwa lingeweza kupimwa na yeyote. Huo ndio mfano wa mstari mnyofu, na kwa kuulinganisha nao tutaijua mistari iliyopinda.

"Satelaiti ya siri" ni nini?

Magazeti yetu hupenda maneno "satelaiti ya siri". Yafaa tuyapime. Katika mstari wa daftari, je, lililo siri ni lipi? Kurushwa kwake si siri, maana roketi huonekana na kusikika kwa mbali. Nchi yake si siri. Obiti yake, kama tulivyoonyesha, haifichiki kwa muda mrefu. Iliyo siri ni kazi yake na uwezo wake. Kwa hiyo istilahi iliyo sahihi ni "satelaiti yenye kazi ya siri". Ni ndefu, twakiri, lakini haimfundishi msomaji jambo lisilo kweli.

Kuna siri nyingine isiyotoka katika daftari la Umoja wa Mataifa, bali katika orodha ya jeshi la Marekani, ambayo ndiyo itumiwayo zaidi na watu duniani kujua vyombo vilipo. Tangu miaka ya 1980 orodha hiyo imekuwa ikiacha vipimo vya obiti za satelaiti fulani za kijeshi. Jina lipo, namba ipo, tarehe ipo. Penye vipimo huandikwa kuwa havipatikani. Kiswahili kina maneno matatu hapa: "havipo", "havipatikani", "havikutolewa". La kwanza ni uongo, kwa kuwa wenyewe wanavyo. La pili hudokeza kwamba vilitafutwa vikakosekana. La tatu ndilo la kweli. Mfasiri wa orodha ataandika "havipatikani", maana ndivyo ilivyoandikwa. Lakini mwalimu au mwandishi wa habari asemaye kwa kinywa chake mwenyewe hana udhuru wa kutosema "havikutolewa".

Tena siri hiyo si ya wote. Mwaka 2007 wakuu wa jeshi la Ufaransa walieleza hadharani kuwa rada yao iitwayo GRAVES, iliyoanza kazi mwaka 2005, imeziona satelaiti kati ya 20 na 30 zisizomo katika orodha iliyochapishwa na Marekani. Walinung'unika kwa kuwa orodha hiyohiyo ilizitangaza obiti za satelaiti za kijeshi za Ufaransa. Raia watazamao kwa darubini zao nao hawakungoja ruhusa. Satelaiti USA-193, iliyorushwa Desemba 2006 ikaharibika mapema, obiti yake ilikuwa imekwisha kujulikana kwao kabla Marekani haijaitungua kwa kombora kutoka meli ya kivita mwezi Februari 2008. Siri ya namna hii, basi, ni siri kwa asiyetazama.

Neno "ujasusi" nalo lataka uangalifu. Kila dola huiita kazi yake ulinzi na ya mwenzake ujasusi. Twaona yafaa "upelelezi wa kijeshi" litumike pale maandiko ya asili yanapoeleza kazi, na "ujasusi" libaki pale maandiko yanapolaumu.

Obiti, mzingo, njia

Tumetumia "obiti" makala nzima, na hatuna budi kutoa sababu. Wako wanaosema "mzingo", na neno hilo ni zuri, ni letu. Lakini shuleni "mzingo" hutumika kwa urefu wa ukingo wa umbo, kama mzingo wa duara. Mwanafunzi akisoma "satelaiti yenye mzingo wa kilomita 300" ataelewa kuwa ni chombo, au duara, lenye ukingo wa kilomita 300, ilhali mwandishi alitaka kusema kuwa satelaiti iko kilomita 300 juu ya ardhi. Hapa namba, ambayo ndiyo sehemu nyofu ya mstari, imeharibiwa na istilahi. "Njia" nayo ni pana mno. Njia ya satelaiti juu ya ramani ni jambo moja, na obiti yake angani ni jambo la pili. Walimu wa Kettering walihitaji yote mawili, na sisi pia.

Kwa hiyo twaona "obiti" liwe la mapito ya chombo angani, "njia" liwe la alama yake juu ya ramani ya dunia, "mzunguko" liwe la kwenda mara moja hadi kurudi, na "mzingo" libaki katika hisabati. Kwa vipimo viwili vya umbali hatuoni haja ya kutunga neno jipya: "umbali mkubwa kabisa kutoka ardhini" na "umbali mdogo kabisa kutoka ardhini" vinatosha, na kila mtu atavielewa.

Vinavyoanguka

Msomaji aweza kusema kuwa haya ni mambo ya mataifa makubwa, hayamgusi mkulima. Anga haina paa. Tarehe 24 Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyokuwa ikifuata meli za kivita kwa rada, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Ndani yake kulikuwa na kinu cha nyuklia chenye urani. Masalia yenye mionzi yalitapakaa katika eneo kubwa la barafu na maziwa, na kazi ya kuyatafuta ilichukua miezi. Mficha maradhi kifo humwumbua: maneno "uchunguzi wa anga" hayakuweza tena kusimama mbele ya vipande vilivyookotwa. Kanada ilidai dola zake zipatazo milioni 6; mwaka 1981 Urusi ya Kisovieti ilikubali kulipa milioni 3. Dai hilo liliwezekana kwa kuwa mwenye chombo alijulikana.

Karibu na kwetu, tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Hatusemi kuwa kilikuwa cha kijeshi. Twasema kwamba swali la kwanza la mwenye shamba katika tukio kama hilo ni "Cha nani?", na hakuna mahali pa kulitafutia jibu ila katika kumbukumbu za obiti: ni chombo gani kilichopita juu ya mahali hapo, saa hiyo.

Kwa sababu hiyo twapinga neno "takataka za angani" lisitumike katika maandiko ya sheria. Takataka ni kitu ambacho mwenyewe amekitupa na kujitoa kwacho. Mkataba wa anga wa mwaka 1967 wasema kinyume chake: umiliki wa chombo na wa sehemu zake hauondoki kwa kuwa kimekwenda angani au kimerudi duniani. Mkataba wa mwaka 1972 waongeza kuwa nchi iliyorusha ina dhima kamili kwa hasara itokeayo juu ya ardhi, bila kuthibitishwa uzembe. Tukiviita vipande hivyo takataka, tumekwisha kumwondolea mwenyewe umiliki katika lugha, kabla hajauliza mwanasheria wake. "Masalia ya chombo" ni bora, kwa kuwa masalia yana mwenyewe. Vivyo hivyo "dhima" lisibadilishwe kuwa "wajibu": wajibu ni jambo la kutenda, dhima ni jambo la kulipa.

Mapendekezo

Kwa kifupi, twapendekeza haya kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Istilahi "obiti", "njia", "mzunguko", "mzingo" na "mwinamo" zitenganishwe kama tulivyoeleza, na kila namba ifuatane na neno lisilo na maana mbili.

2. "Kazi yake kwa ujumla" isiandikwe "kazi ya jumla".

3. Maneno ya kukwepa yatafsiriwe yakiwa yanakwepa. Mfasiri asiyakamilishe kwa kukisia, wala asiyapambe. Akiwa na la kuongeza, aliweke katika tanbihi.

4. "Satelaiti yenye kazi ya siri" litumike badala ya "satelaiti ya siri", na "masalia ya chombo" badala ya "takataka za angani".

5. Walimu wa fizikia na wa Kiswahili washirikiane kuisoma mistari michache ya daftari darasani. Ni somo la hesabu, na ni somo la ufahamu pia.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa pendekezo la tatu ni la ukali usio na huruma, kwa kuwa lamwachia msomaji wa kawaida ukungu uleule ulioachwa na mwandishi. Jibu letu ni kwamba ukungu huo ni ushahidi. Siku kipande cha chuma kitakapoanguka shambani mwa mtu asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili, atakuwa na haki ya kusoma nchi ile iliandika nini juu ya chombo chake, neno kwa neno, na namba zilisema nini. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo itakayokuwa hoja yake, na hatutakuwa tumemsaidia ikiwa tafsiri yetu imeifuta.